Jua, Omena na Mifupa ya Watoto Wetu

Haya ni maneno ya hotuba iliyosemwa mbele ya wazazi na walimu wa Asumbi, katika Homa Bay, juu ya vitamini D na afya ya mifupa. Twaichapa kwa faida ya wasomaji wetu wa mashambani na wa mijini.

Wazee wetu, akina mama, walimu, nanyi vijana mliokuja kusikiliza,

Mgeni afikapo Asumbi wakati wa mchana hahitaji kuambiwa kwamba nchi hii ina jua. Ninyi mwakaa karibu sana na mstari wa Ikweta, wala hamfiki hata digrii moja kamili kusini yake, na jua lapita juu ya vichwa vyenu mwaka mzima. Basi yamkini wengine wenu mwajiuliza kwa nini nimekuja kuwaeleza habari za ugonjwa ambao watu wa Ulaya waliujua zamani kuwa ni ugonjwa wa kukosa jua. Swali hilo ni la haki. Hata madaktari walijiuliza, na kwa muda mrefu wengi wao walidhani kwamba Mwafrika katika nchi yake hawezi kuupata.

Ugonjwa wenyewe ni matege. Jina hili tumelizoea, lakini mimi naona kwamba limetudhuru, na nitawaeleza sababu yake baadaye. Kwanza inafaa tujue mifupa inavyojengwa.

Mfupa wa mtoto mchanga si mgumu kama wa mtu mzima. Ncha zake ni laini, na mwili huzigeuza kuwa ngumu kidogo kidogo kwa kutia ndani yake madini, hasa kalsiamu, ambayo ni ile asili ya chokaa. Kalsiamu hutoka katika chakula. Lakini haitoshi kuila, maana mlango wa kuipitisha kutoka tumboni kwenda katika damu hufunguliwa na kitu kingine, nacho ndicho vitamini D. Mtu asiyekuwa nayo huweza kunywa maziwa, na bado sehemu ndogo tu ya kalsiamu iliyomo ikaingia mwilini. Iliyobaki hutoka na choo.

Sasa ajabu ya vitamini hii ni kwamba mwili wetu waitengeneza wenyewe. Mionzi fulani ya jua ikiipiga ngozi, mafuta yaliyomo ndani ya ngozi hugeuka, na hicho kilichogeuka huenda katika ini, halafu katika figo, na hapo huwa tayari kufanya kazi yake. Katika vyakula hupatikana kwa uchache: katika samaki wenye mafuta, katika ini, na katika kiini cha yai. Lakini kwa watu wengi wa dunia jua ndilo shamba lake kubwa.

Ilichukua miaka mingi kulijua jambo hili. Tabibu Mwingereza aitwaye Francis Glisson aliandika kitabu juu ya matege mwaka 1650, wala hakujua dawa yake. Mwaka 1890 tabibu mwingine, Theobald Palm, aliyekuwa amefanya kazi ya misheni huko Japani, aliona kwamba alikokaa Japani ugonjwa huu haukuwako, na aliporudi Uingereza akawakuta watoto wengi wamepindika miguu. Akaandikia matabibu wenzake wa misheni katika nchi mbalimbali, akalinganisha majibu yao, akasema kwamba tofauti ni jua. Wachache walimsikiliza. Mwaka 1919 daktari wa Berlin aitwaye Kurt Huldschinsky aliwaangazia watoto wagonjwa kwa taa yenye mionzi kama ya jua. Aliuangazia mkono mmoja tu, na mkono wa pili ukapona pia. Ndipo ilipodhihirika kwamba ngozi hutoa kitu kinachosafiri katika damu. Mwaka huo huo Edward Mellanby wa London alikuwa akiwalisha mbwa wachanga uji na kuwafungia ndani. Wakapata matege, na mafuta ya ini la samaki yakawaponya. Mwaka 1922 huko Marekani, Elmer McCollum alikitofautisha kitu hicho na vitamini A, na kwa kuwa herufi A, B na C zilikwisha kutumika, kikaitwa D.

Nawaombeni mwangalie neno moja katika habari hizo. Mwaka 1917 madaktari wawili wa New York, Hess na Unger, walifanya kazi katika mtaa wa watu weusi, ambako matege yalikuwa mengi kabisa, wakawagawia watoto mafuta ya ini la samaki. Watoto waliopewa walikingwa, na wengi wa wale wasiopewa wakapata ugonjwa. Kwa nini watu weusi waliumia kuliko weupe katika mji mmoja? Rangi ya ngozi yetu ni mwavuli. Imetufaa sana katika nchi ya jua kali, lakini mtu akijifunika mwavuli ndani ya nyumba yenye giza, hapati mwanga. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani ili itengeneze kiasi kile kile cha vitamini. Basi ndugu zetu waliokwenda kukaa London au Minnesota wasidharau wakiambiwa na daktari wa huko wanywe vitamini D wakati wa baridi. Shauri hilo lawafaa wao kuliko wenyeji.

Lakini turudi kwetu, maana hapa ndipo penye habari kubwa.

Mwaka 2012 wataalamu walitoa matokeo ya kupima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi za zamani, watu ambao siku nzima wako nje. Kipimo cha vitamini D katika damu yao kilikuwa kwa wastani 115. Kiwekeni kipimo hicho akilini. Mwaka 2018 zikatolewa habari za watoto wa mtaa mmoja wa mabanda katika Nairobi. Walikuwa watoto 21 wenye ugonjwa huu, wenye umri wa miezi mitatu mpaka miaka miwili. Damu yao ilipopimwa kwa kipimo kile kile, wengi wao, yaani 71 katika kila mia, hawakufika hata 30. Hawa ni watoto wa Kenya, katika nchi yenye jua mwaka mzima, tena ngozi yao ni kama ya wale wa Tanzania. Tofauti ni kwamba wale waliishi nje na hawa waliishi ndani.

Mnajua jinsi vyumba vile vilivyo. Nyumba za mabati zimebanana, njia ni nyembamba, na jua halifiki chini ila saa chache. Mama hutoka alfajiri kwenda kutafuta kazi, mtoto akabaki chumbani na mlezi, amevikwa kofia, soksi na blanketi, naye mlezi huogopa kumtoa nje kwa sababu ya maji machafu na pikipiki. Mimi simlaumu mama huyo. Lakini wengine wa wazazi hao ni binti zenu na wana wenu. Tena mwajua vizuri kwamba mtoto akishatimiza mwaka mmoja au miwili huletwa nyumbani kwa nyanya yake. Nyanya akiona miguu yake imepindika husema kwamba alisimamishwa mapema mno, au kwamba alibebwa mgongoni vibaya. Kubeba mtoto mgongoni hakuleti matege. Mguu umepindika kwa kuwa mfupa ulikuwa laini siku alipoanza kuukanyagia.

Hapa ndipo nilipotaka kuwaambieni kwa nini jina la matege limetudhuru. Jina hili hutufanya tuangalie miguu. Katika watoto wale 21 wa Nairobi, wote walikuwa na vifundo vya mikono vilivyotutumka, na 90 katika kila mia walikuwa na vinundu katika mbavu. Lakini waliokuwa na dalili miguuni walikuwa 19 tu katika kila mia, yaani kama mmoja katika watano. Mtoto ambaye bado hajasimama miguu yake haijabeba kitu, basi itapindikaje? Tukingoja miguu, tumengoja sana. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamechelewa katika mambo ambayo watoto wa umri wao huyafanya, na wengi walikuwa wamekonda kwa utapiamlo. Mama akiona mtoto amekonda hufikiri habari ya chakula tu, wala hafikiri habari ya mifupa.

Basi mwangalieni hivi. Shikeni kifundo cha mkono wa mtoto. Kikiwa kipana, kama kwamba kuna bangili chini ya ngozi, hiyo ni dalili. Pitisheni kidole juu ya mbavu, kando ya kifua, pale mfupa unapokutana na gegedu. Mkisikia vinundu vimepangwa mstari kutoka juu mpaka chini, hiyo ndiyo dalili ambayo madaktari wa dunia nzima huiita rozari, na watu wa Asumbi hawana haja ya kuelezwa rozari ni nini. Tena mwangalie utosi usiofunga kwa wakati wake, meno yanayochelewa, na mtoto anayelia akiinuliwa. Nao wenye watoto wadogo wasiogope kupita kiasi: miguu ya watoto wengi wasio na ugonjwa hupinda kidogo kabla ya kutimiza miaka miwili, kisha hujinyosha yenyewe. Atakayeamua ni mganga wa zahanati.

Huenda mtu akasema: kupindika miguu si kufa. Ni kweli, na wako watu wazima wenye matege wanaolima vizuri. Lakini ubaya mkubwa wa ugonjwa huu hauko miguuni. Mbavu zikiwa laini, kifua hakiwezi kuvuta pumzi kwa nguvu, wala kukohoa na kutoa makohozi. Mtoto wa namna hiyo akipatwa na kichomi, yaani nimonia, yuko hatarini. Mwaka 1997 madaktari wa Ethiopia walitoa habari za watoto 500 walioletwa hospitali Addis Ababa na nimonia, wote chini ya miaka mitano. Katika hao 210 walikuwa na ugonjwa huu wa mifupa. Katika watoto wengine 500 wasiokuwa na nimonia, waliokuwa nao walikuwa 20 tu. Addis Ababa ni mji wa juu wenye baridi, na watoto wachanga hufunikwa sana. Tena msichana aliyekua na nyonga zilizopindika, siku yake ya kuzaa ikifika, njia huwa nyembamba. Na mwajua taabu ya mama mwenye uchungu aliye mbali na hospitali.

Sasa nifike kwenye njia ya pili ya kupata ugonjwa huu, maana iko ya pili, nayo yatuhusu hata sisi wa mashambani ambao watoto wetu hucheza juani tangu asubuhi.

Huko Nigeria, karibu na mji wa Jos, kulikuwa na watoto wengi wenye matege ingawa walikaa juani. Madaktari waliwagawa watoto 123 mafungu matatu: wengine wakapewa vitamini D peke yake, wengine kalsiamu peke yake, wengine vyote viwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 1999. Waliopewa vitamini peke yake waliopona walikuwa wachache. Waliopewa kalsiamu, pamoja na vitamini au bila vitamini, wengi wakapona. Watoto hao walikuwa wakila kalsiamu kama miligramu 200 tu kwa siku, ambapo mtoto wa miaka miwili huhitaji kama 700. Chakula chao kilikuwa nafaka, na maziwa machache mno. Mlango ulikuwa wazi, lakini hapakuwa na kitu cha kupita.

Basi tutazame sahani yetu. Gramu 100 za unga wa mahindi hazina hata miligramu 20 za kalsiamu. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya 300. Wazee wetu waliokunywa uji wa wimbi uliochachuka hawakuwa wajinga, na kule kuchacha kwenyewe husaidia madini kuingia mwilini. Siku hizi wimbi ni ghali kuliko mahindi, najua. Lakini kikombe kimoja cha uji wa mtoto si gunia. Kikombe cha maziwa kina kama miligramu 300. Akeyo na osuga, ambazo vijana wengine wa mjini huzionea haya wakataka kabichi, zina kalsiamu nyingi kuliko kabichi hiyo.

Lakini hazina yenu kubwa hutoka ziwani. Nasema omena. Samaki huyu huliwa mzima, pamoja na mifupa na kichwa, na mifupa hiyo ndiyo kalsiamu yenyewe. Mtu alaye mnofu wa mbuta huweka mifupa kando ya sahani. Alaye omena huimeza. Kwa hiyo nasikitika nionapo mambo mawili. La kwanza ni desturi ya kumpa mtoto mchuzi wa omena na ugali, huku wakubwa wakila omena wenyewe. Mchuzi hauna mifupa. La pili ni kukata vichwa na kuvitupa kwa ajili ya uchungu. Mtoto wa miezi saba au minane asiyeweza kutafuna asagiwe: osheni omena walio wakavu na safi, msio na mchanga, wakaangeni bila mafuta, watwangeni mpaka wawe unga laini, mchunge, mkatie kijiko katika uji wake. Kuweni waangalifu mnunuapo, maana omena waliolowa mvua wakaoza hawafai hata wakikaushwa tena.

Juu ya jua lenyewe yako makosa mawili. Mama wengi wa mjini wamefundishwa kumwota mtoto jua saa moja au saa mbili asubuhi, kwa sababu jua hilo ni pole. Ni zuri kwa kumpasha moto, lakini ile mionzi inayotengeneza vitamini D ni michache sana wakati huo, maana jua liko chini. Kipimo chepesi ni kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, kazi haijaanza, kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi imefika. Kwetu ni tangu kama saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Kosa la pili ni kumweka mtoto nyuma ya dirisha la kioo. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini mionzi hiyo hukizuia.

Ni muda gani basi? Huko Cincinnati, Marekani, mwaka 1985, iligunduliwa kwamba nusu saa kwa juma yatosha kwa mtoto mchanga anyonyaye ambaye amevaa nepi tu, au saa mbili kwa juma akiwa amevaa nguo lakini bila kofia. Hao walikuwa watoto weupe. Mtoto wetu aongezewe, lakini si kwa kumchoma. Dakika 10 au 15 kwa siku, miguu na mikono wazi, uso ukiwa kivulini mwa mama, siku nyingi za juma, ni kazi ndogo ambayo mlezi huweza kuifanya akiwa anafua. Mtoto mwenye ualbino asiwekwe juani hivyo kamwe. Ngozi yake haina mwavuli, nayo huungua na baadaye kupata saratani. Yeye atapata vitamini kwa matone.

Matone hayo ni jambo la kusemwa kwa wote. Maziwa ya mama ni chakula bora kuliko vyote, wala asiachishwe mtoto kwa maneno yangu, lakini vitamini D iliyomo ni kidogo. Mwaka 2016 wataalamu wa nchi nyingi walitoa shauri kwamba kila mtoto apewe maikrogramu 10 kwa siku katika mwaka wake wa kwanza. Aliyezaliwa kabla ya siku zake na yule akaaye chumbani mjini wanahitaji kuliko wengine. Waulizeni wauguzi wa kliniki, wala msizidishe kipimo, maana vitamini hii ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu na kudhuru figo. Nanyi vijana wenye mishahara mnaonunua vidonge vyake katika maduka ya dawa kwa tumaini la kuzuia kila ugonjwa, jueni kwamba Marekani watu wazima 25,871 walifuatwa kwa miaka kama mitano, na habari zikatolewa mwaka 2018: vidonge havikupunguza saratani wala ugonjwa wa moyo kwao. Fedha hizo zingenunua maziwa.

Mtoto aliyekwisha kupata ugonjwa huu hutibika. Hupewa vitamini na kalsiamu kwa miezi kadhaa, na akianzishiwa mapema mifupa hujinyosha kadiri akuavyo bila kukatwa. Akicheleweshwa mpaka anakaribia kuwa mtu mzima, hapo itabaki kazi ya kisu. Kwa hiyo mpelekapo mtoto kupimwa uzito, mwombeni muuguzi amguse vifundo vya mikono na mbavu pia. Ni kazi ya dakika moja. Na mjukuu akiletwa kutoka Nairobi au Kisumu, mfanyeni hivyo katika juma lile lile alilofika, kabla hajazoea boma.

Sasa niko tayari kusikia maswali yenu, na wa kwanza awe mama yule aliyeinua mkono tangu nilipotaja vichwa vya omena.